Video ya mafuriko inarukaruka, niilainishe?

SWALI: Jambo papa injinia. Niko Bukavu, kuna mtu anataka kununua parseli (kiwanja) karibu na mto Kawa, ameniomba nimuonyeshe kama maji yatafika. Nimetumia HEC-RAS, programu ya kuhesabu mafuriko, mvua milimita 60 ndani ya saa moja, ardhi nimechukua SRTM, ramani ya miinuko ya ardhi, nikaikata kutoka pikseli za mita 30 hadi mita 2 ili ionekane vizuri, hatua ya hesabu (muda toka hesabu moja hadi inayofuata) dakika 1, ramani nahifadhi kila saa. Nikicheza matokeo, saa 9 parseli kavu, saa 10 maji yako magotini, katikati hakuna kitu. Nikibadilisha mvua nikacheza tena, video ni ileile. Rafiki anasema niipitishe kwenye programu ya video ilainishe. Ni sawa?

JIBU: Mdogo wangu, hapana, na huyo rafiki mwambie aendelee na video za harusi.

Ya mvua ni rahisi. Ukibonyeza kucheza, mashini haihesabu chochote, inakufungulia tu namba ilizoandika kwenye faili siku ile ulipoendesha modeli. Umebadilisha mvua, basi endesha upya hesabu yote, ndiyo utaona tofauti.

Ya kuruka pia ni hiyohiyo. Umeiambia ihifadhi ramani kila saa, sasa unashangaa nini? Maji yanayoshuka mita 3 kwa sekunde yanatembea karibu kilomita 11 kwa saa, na toka mtaa wa Kadutu kule juu hadi ziwani Kivu hakuna umbali huo. Mafuriko yako yalikuja yakapita ukiwa umefumba macho. Hifadhi kila dakika 1, faili itakuwa nzito, vumilia. Halafu hatua ya hesabu: kisanduku chako cha ramani ni mita 2, kwa dakika 1 maji yanaruka visanduku 90, na ubaya wa programu hii ni kwamba mara nyingi haigomi, inaendelea tu na kukupa picha nzuri ya bluu. Shuka chini ya sekunde 1. Ndiyo, laptopu itakesha.

Lakini hayo yote ni madogo. Kinachonichosha, nakiona karibu kila wiki, ni hii imani kwamba video ikiwa laini na pikseli zikiwa ndogo basi ni kweli. SRTM ilipimwa na rada kutoka angani mwezi wa pili 2000. Pikseli moja ya mita 30 ni mita 900 za mraba, kule Kadutu humo ndani kuna nyumba kadhaa, choo, ngazi, na mtaro wote umemezwa. Na rada haikugusa udongo, iligusa mabati na miti. Wewe umechukua hiyo pikseli moja ukaikata vipande 225, umepata nini? Vipande 225 vya kosa lilelile. Mto wenye upana wa mita 4 haukuwemo kabla hujakata, na baada ya kukata bado haumo, kwa hiyo maji ya kwenye video yako yanatafuta njia juu ya paa za watu.

Tena hata ukipata ardhi nzuri ya droni, angalia madaraja. Droni inaona barabara juu ya daraja, haioni tundu la chini, kwa hiyo kwenye modeli daraja linakuwa ukuta na nyuma yake linajaa ziwa ambalo halipo. Unalitoboa kwa mkono. Mimi niliwahi kutoboa kalavati moja (bomba la maji chini ya barabara) vizuri kabisa, vipimo sahihi, modeli ikanipa sentimita 12 mlangoni pa duka fulani, nikafurahi. Nikaenda. Mama mwenye duka akasogeza gunia la makala, akanionyesha mstari wa tope ukutani, nikapima: sentimita 74. Kumbe kalavati siku ile ilikuwa imezibwa na godoro na chupa za plastiki. Godoro! Hakuna satelaiti itakuambia habari ya godoro.

Na kuna hawa wengine siku hizi, wanapita na laptopu kwa wanunuzi wa parseli, wanainua maji sawasawa kama beseni linalojaa, wanasema "hapa bluu haifiki, nunua". Kwa mji wa milima kama wetu hiyo ni uongo mtupu, maji ya kwetu hayapandi kama ya beseni, yanashuka kwa kasi kwenye mteremko na yanabeba vitu. Tarehe 4 Mei 2023 kule Kalehe, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa, na kilichowafikia hakikuwa maji ya bluu, kilikuwa tope na mawe. Modeli ya kawaida inahesabu maji safi. HEC-RAS toka toleo la 6 iko na sehemu ya tope, lakini inataka ujue udongo wako, na huyo wa laptopu hata buti za kwenda kuchota udongo hana. Anayekuuzia kauli ya "hapa ni salama" kwa video ya sekunde 30, muulize alitumia ardhi gani na alisimama wapi siku ya mvua. Akianza kukuonyesha tena video, funga mlango.

Sasa wewe: usimpelekee mnunuzi kitu chochote bado. Chukua mita ya fundi, fuata mto toka parseli hadi daraja la juu na la chini, pima upana, kina na tundu la kila daraja, piga hodi kwenye nyumba tano hivi uombe wakuonyeshe mstari wa maji na saa yalipofika. Endesha mara mbili, tundu likiwa wazi na likiwa limezibwa. Kama modeli haifiki kwenye mistari hiyo, niandikie tena na namba, video baki nayo.