Nilikuwa kipa wa tatu: maneno mawili matatu kwa anayefanya mazoezi bila kupangwa

Misimu miwili nilikuwa kipa wa tatu katika klabu moja ya Ligi Kuu Tanzania Bara. Mechi za ligi nilizodaka: sifuri. Majirani waliniona natoka na begi kila asubuhi, jioni wananiuliza, "Jumamosi unadaka?" Nikawa najibu kwamba bega linanisumbua. Bega lilikuwa zima kabisa.

Nilipohamia Indianapolis, Marekani, mwaka 2013 ndipo nikagundua kwamba huku kazi ile ina jina rasmi na malipo yanayojulikana. Mwaka huo timu ya hapa, Colts, ilimsajili Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga ambaye hakuwahi kucheza mpira wa Marekani hata siku moja. Wakenya ninaowafahamu hapa mjini hawakuwa na habari nyingine. Msimu ulipoanza akawekwa kikosi cha mazoezi, nasi tukadhani ameachwa kistaarabu. Kumbe Desemba tukamwona uwanjani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Timu ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Marekani, inaingia kambini na wachezaji 90, mwishoni mwa Agosti wanabaki 53, ndio kikosi kikubwa. Waliotemwa, kama hakuna timu nyingine iliyowadaka njiani, wanaweza kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, ambacho siku hizi kina nafasi 16, na moja ya ziada kwa mchezaji aliyetoka nje ya Marekani. Vikao wanahudhuria, video wanatazama, jasho wanatoka. Siku ya mechi hawavai jezi, isipokuwa timu iamue kuwapandisha, na mwisho ni wawili kwa mechi. Mtu mmoja anapandishwa hivyo mara tatu tu kwa msimu. Wakimtaka tena, wampe mkataba wa kikosi kikubwa.

Kazi yao hasa iko katikati ya wiki. Kocha msaidizi anainua kadi kubwa iliyochorwa mishale: wapinzani wa Jumapili wanashambulia hivi. Vijana wanaitazama, wanajipanga, wanacheza kama wale. Wiki hii wewe ni mkimbiaji wa timu ya Kansas City, wiki ijayo wa Baltimore.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Tulikuwa tunajiandaa kucheza na timu yenye kipa anayekimbilia kila krosi, hata zisizomhusu. Kocha wa makipa akanivuta pembeni: "Leo wewe ndiye yule. Toka kila mpira." Nikatoka mara mbili. Krosi ya tatu nikabaki golini, kwa sababu niliona si ya kutoka, na nilitaka kocha mkuu aone kwamba mpira naujua. Nikaudaka safi. Nikainuka nikijisikia kweli kweli. Straika wetu, aliyekwenda mlingoti wa pili kusubiri goli tupu, alikuwa amesimama ameshika kiuno. Filimbi ikalia. "Umedaka mpira," kocha akasema, "ila zoezi umeliua."

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiambiwa uigize, igiza mpaka mwisho. Najua inauma, maana unaona kama unamtangaza mtu mwingine wakati wewe mwenyewe hakuna anayekujua. Lakini kocha anamwona anayeisoma kadi sawasawa, na wewe kila wiki unajifunza mchezo wa timu nyingine kutoka ndani. Mkimbiaji Arian Foster hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2009 timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya, akapitia kikosi cha mazoezi cha Houston, na msimu wa 2010 hakuna aliyekimbia yadi nyingi kuliko zake 1,616 katika ligi nzima. Simulizi kama hizi usizifanye chakula cha kila siku, lakini. Ukimaliza msimu mzima na hakuna kocha aliyekufundisha hata kitu kimoja kipya, tafuta timu nyingine.

Pesa. Msimu wa 2025 kima cha chini cha kikosi cha mazoezi kilikuwa dola 13,000 kwa wiki. Ukibadilisha kwa shilingi unaweza kuanguka. Ila msimu ni wiki 18, na wanaweza kukuaga Jumanne yoyote, hivyo usisaini pango la mwaka. Mimi kwa vijisenti vyangu vya kipa wa tatu nilikopa seti ya makochi. Nilipoachwa, wenye duka walikuja na kirikuu wakayabeba watoto wa mtaa wakitazama.

Begi nalo liwe tayari. Timu nyingine inaweza kukuchukua wakati wowote, mradi ikuweke kwenye kikosi chake cha wachezaji 53.

Na wakikuuliza kama Jumamosi unacheza, sema hapana. Uongo wangu wa bega ulimfikia daktari wa timu. Akaniandikia mapumziko ya wiki nzima, na kijana wa timu B akaja kudaka mazoezini kwa glovu zangu.