Ndege wa madoadoa pale Gede

Kaka, kwa ulivyoeleza, ndege wa kahawia anayechakura majani makavu chini ya miti kwenye magofu ya Gede, kifua cheupe chenye madoa meusi, na ni mwezi wa saba, mi nahisi umemuona Geokichla guttata (kwa Kiingereza Spotted Ground Thrush), na huyo si wa kila siku, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Hata msimu unakubali, maana pwani ya Kenya anakuja kama Aprili mpaka Novemba hivi halafu anarudi kusini kuzaa.

Ila usiandike bado kwamba ndiye. Cheki bawa, lazima uone mistari miwili myeupe, na usoni alama mbili nyeusi zinazoshuka wima. Kama kifua kina michirizi badala ya madoa ya mviringo, basi fikiria Anthus sokokensis (Sokoke Pipit), ndege mwingine mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani, naye hutembea chini vilevile.

Picha piga tu, hata ikitoka na ukungu, ubavu na uso ndio muhimu, mle ndani giza kwa hiyo pandisha ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) na flashi achana nayo. Akishtuka huwa anaganda, we pia ganda, atarudi kula. Usimchezee sauti ya ndege kwenye simu ili umvute tafadhali, watu wamezidi. Andika saa, mahali na alichokuwa anafanya KABLA hujafungua kitabu, maana ukishaona mchoro macho yanaanza kukubali kila kitu, kisha peleka rekodi Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, pamoja na picha.