Niliyoyaona kwenye kumbi ndogo za punk Washington, 1992 hadi 1998

Salaam wakuu.

Mtoa mada umesema binamu yako amekualika shoo ya punk, ule muziki wa rock wa kasi na kelele, hapo Washington wikiendi ijayo, kwenye ukumbi wa watu mia mbili hivi, na unauliza mambo mawili: ni kweli watu hupigana mle ndani, na je, Mwafrika mgeni atakuwa na raha au atakodolewa macho? Mchangiaji mmoja hapo juu kakujibu kwamba punk ni kelele za wazungu wasiojua kupiga vyombo. Mimi nimeishi jiji hilo kuanzia 1992 mpaka 1998, nimeingia kwenye shoo hizo mara nyingi mpaka hesabu imenipotea, na ujanani mwangu sikumbuki furaha iliyozidi ile. Naomba nijibu kwa urefu.

Nianze na hilo la wazungu. Bendi iliyowafundisha vijana wa Washington kupiga kwa kasi ile ni Bad Brains, na ni watu weusi wote wanne: H.R. anaimba, mdogo wake Earl Hudson yuko kwenye drams, Dr. Know gitaa, Darryl Jenifer besi. Kabla ya punk walikuwa wakipiga jazz iliyochanganywa na rock, wakijiita Mind Power. Kwa hiyo vyombo walivijua vizuri sana kabla hawajaamua kuvikimbiza. London nako, 1976 na 1977, bendi ya X-Ray Spex iliongozwa na binti aliyejiita Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Na kwenye klabu ya Roxy DJ alikuwa Don Letts, mtoto wa wazazi wa Jamaika, akiwapigia reggae kati ya bendi na bendi kwa sababu sahani za punk zenyewe zilikuwa bado chache. Kwa hiyo ndugu yangu, usiingie pale ukijiona umepotea njia.

Mimi niliingia kwa mlango huohuo wa reggae. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja katikati ya jiji, nakaa kwa mjomba Silver Spring, mji wa pembeni mwa Washington. Kijana niliyekuwa naosha naye alikuwa mpiga besi wa bendi ambayo sidhani kama iliwahi kurekodi. Siku moja akanipa kaseti ya Bad Brains ya 1982, ile yenye jalada la rangi za Rasta, radi inapiga kuba la Bunge la Marekani. Nikaiweka kwenye walkman ndani ya treni. Nyimbo za mwanzo zilinipita kama pikipiki, nikawa natafuta kitufe cha kuzima. Mara kasi ikakatika, ikaingia reggae tulivu, besi nzito, mwangwi ule tuliokuwa tukiusikia kwenye kila kibanda cha kaseti Kinondoni. Watu walewale, sauti ileile. Nikarudisha kaseti mwanzo nikasikiliza upya, na safari hii zile za kasi nazo nikazielewa: huyu mtu analia na kushangilia kwa pumzi moja. Kesho yake nilimwambia mwenzangu, nipeleke wanakopiga.

Alinipeleka 9:30 Club. Wengi siku hizi wanaijua ile kubwa ya V Street, iliyofunguliwa Januari 1996. Ninayoisema mimi ni ya zamani, iliyoanza 1980 pale namba 930 F Street, ndipo jina lilipotoka. Kibali chao kilikuwa cha watu 199. Unaingia kwa ujia mrefu mwembamba, na jinsi unavyosogea, besi inakupanda kutoka nyayoni kabla hujaona mtu. Kisha chumba kinafunguka, cheusi, na mbele ya jukwaa kuna nguzo. Kila aliyewahi kufika pale atakuambia habari ya ile nguzo. Ilikuwa inaziba macho ya nusu ya watu, na mimi nikaifanya yangu: naiegemea kwa ubavu wa kushoto, nawaona mpiga drams na mpiga besi, mwimbaji namwona anapojitokeza. Harufu ya pale sikuwahi kuikuta kwingine. Bia iliyokauka, sigara, jasho, na kitu kama maji ya mtaro. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nikiivuta mlangoni nasikia moyo unatulia.

Mlangoni utaona jambo zuri. Watoto wa miaka 15 na 16 wanaingia pamoja na watu wazima, na mlinzi anawachora alama ya X nyuma ya kiganja kwa kalamu nyeusi ili mhudumu wa baa asiwauzie pombe. Mtindo huo vijana wa bendi ya Teen Idles waliukuta San Francisco mwaka 1980, wakaurudisha nyumbani, na baadaye hata watu wazima wasiokunywa wakawa wanajichora wenyewe kwa hiari. Mimi sinywi. Nilikuwa nakwenda nimejichora kabisa nyumbani, mjomba anadhani ni dini mpya.

Kuna wakati mjomba alinichukua twende tamasha la uwanjani, tukakaa juu kabisa, msanii namwona mdogo kama siafu, tiketi imekula mshahara wangu wa siku mbili. Nilikaa pale nikiwaza Dar. Kwetu mimi nilizoea muziki wa dansi, Jumapili pale DDC Kariakoo, bendi ya Sikinde wanapiga, ukikunwa na wimbo unanyanyuka, unamfuata mwimbaji, unamtunza, unamwona mpaka mshipa wa shingo. Sikujua kama nimeukosa ukaribu huo mpaka nilipoukuta tena kwenye vyumba vya punk. Ndiyo sababu sikuona ugeni. Kelele zilikuwa ngeni, kikao kilikuwa cha nyumbani.

Sasa nikupe usiku mmoja ninaoukumbuka kuliko wote. Kulikuwa na kundi la kujitolea linaloitwa Positive Force, lipo tangu 1985, lenye kuandaa shoo za kuchangisha fedha za makazi ya wasio na nyumba, zahanati na mambo kama hayo. Mara nyingi walitumia kanisa la St. Stephen, kona ya mitaa ya 16th na Newton. Ukumbi hauna jukwaa la maana, taa ni za kawaida, bendi inasimama sakafuni na watu wanaizunguka. Usiku ule ilipiga bendi ya vijana watatu, jina lao limenitoka, nikakaa mbele kiasi kwamba spika ya gitaa inagusa goti langu. Wimbo wa tatu waya mmoja kati ya nyuzi za gitaa ukakatika. Akajaribu kuendelea, ikawa haiwezekani. Akasimama, akauliza kama kuna mwenye waya. Kimya kidogo, kisha kutoka nyuma bahasha ndogo ya karatasi ikaanza kupitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka ikanifikia mimi. Nikampa. Akaitazama, akanitazama, akanishikisha gitaa mikononi akasema nishike shingo imara.

Nilikuwa sijawahi kushika gitaa la umeme. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, limelowa jasho, na pale kwenye plastiki nyeupe chini ya nyuzi kulikuwa na matone ya damu ya vidole vyake, mengine mabichi. Msichana mmoja akamulika kwa kurunzi ndogo ya funguo. Jamaa anapitisha waya, anakaza, anaugonga, anakaza tena, na mpiga drams muda wote huo anashika mdundo mwepesi kwa mkono mmoja ili watu wasipoe. Zilikuwa dakika tatu, nne labda. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyetoka. Gitaa lilipokubali, alilichukua, akanigusa bega, wakaanzia palepale walipoishia, katikati ya ubeti. Mwisho wa shoo akaja kumtafuta aliyetoa waya amlipe, yule akakataa, wakaishia kupeana kaseti. Mpiga besi wao na mimi tukabeba spika mpaka kwenye gari lao.

Kuhusu fujo sitakudanganya. Mbele watu wanasukumana, wanarukaruka, mwingine anapanda jukwaani na kujitupa juu ya mikono ya wenzake. Ukiwa katikati utapigwa kikumbo. Lakini nilianguka mara nne au tano katika miaka ile, na kila mara kabla goti halijatulia chini nilikuwa nimeshikwa makwapani na watu wawili na kusimamishwa. Mara moja kiatu kilinitoka, na wimbo ulipoisha kijana mmoja alikuwa amekinyanyua juu anauliza cha nani. Wapo wanaokuja kuumiza watu, hao hawakosekani popote, na bendi nyingi za mji ule hazikuwavumilia. Fugazi ndio waliokuwa wakali zaidi. Walikuwa wanasimamisha wimbo katikati, wanamwita mtu kwa adabu aache, akikataa anarudishiwa dola zake 5 na kutolewa nje. Ndiyo, dola 5, hicho ndicho kiingilio walichokilinda kwa miaka, wakati wangeweza kutoza mara nne na ukumbi ukajaa vilevile. Ian MacKaye wa bendi hiyo, na mwenzake Jeff Nelson, walianzisha lebo yao ya kutoa rekodi, Dischord, mwaka 1980 wakiwa vijana wadogo, na iliendeshwa kwa moyo huohuo. Mimi Fugazi niliwaona kwenye bustani ya Fort Reno, kwenye nyasi, bure, jua linazama, watoto wadogo wanakimbia mbele ya jukwaa. Siku ile nililia, na sioni haya kusema.

Na mchangiaji wa hapo juu, kama bado unasoma, watafute Crystal Axis wa Nairobi. Wanapiga punk, ni watoto wetu, na vyombo wanavijua.

Mtoa mada, nenda. Vaa viatu vya kufunga kamba na uzifunge mara mbili. Nunua vizibo vya masikio duka la dawa, mimi sikuvaa na sikio la kushoto linanivumia mpaka leo. Simama upande wa mpiga besi, pembeni kidogo, huko hakuna msukumano mkubwa na utamwona mpiga drams vizuri. Fika mapema uione bendi ya kwanza, ile isiyojulikana. Wakimaliza, watakuwa wanabeba mizigo yao wenyewe kupitia katikati ya watu. Wasaidie.