Maswali ya Wasomaji: Historia Iliyo Umbali wa Nauli ya Daladala

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuulize lolote kuhusu matembezi ya mwisho wa juma katika makumbusho, magofu na matamasha yaliyo karibu na makazi yao. Barua zilizoletwa ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

*Ndugu Mhariri, ninaishi Sinza na nina watoto watatu. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo bado yuko chekechea. Mwalimu amewataka wazazi tuwapeleke watoto mahali pa kihistoria wakati wa likizo. Nianzie wapi bila kutumia fedha nyingi, na bila watoto kunilalamikia kabla ya saa sita mchana? – Mama wa Watatu, Sinza*

Mama, anzia pale unapopapita karibu kila siku. Makondakta wa jiji zima wanalitaja jina la stendi ya Makumbusho kuanzia alfajiri hadi usiku, lakini ukiwauliza abiria wanaoshuka hapo ni wangapi wamewahi kuingia katika Kijiji cha Makumbusho, ambacho ndicho kilichoipa stendi hiyo jina, wengi watacheka tu. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ya 1960 chini ya Makumbusho ya Taifa kwa lengo la kuhifadhi ujenzi wa jadi wa jamii mbalimbali za Tanzania, na nyumba zilizomo zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, si vielelezo vya kutazamwa nyuma ya kioo. Mtoto anaingia ndani, anainama mlangoni, anazoea giza, kisha anaanza kuuliza.

Ushauri wangu ni kwamba msizipitie nyumba zote. Chagueni mbili au tatu tu, na mkae. Waingize kwanza katika msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake zinashuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kisha wapeleke kwenye tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti na kuta fupi ambazo mtu mzima anaweza kuugusa ukingo wake wa juu. Waulize kwa nini watu wa nchi moja walijenga kwa namna zinazotofautiana kiasi hicho. Mkubwa wako, akifikiri kidogo, ataligundua jibu mwenyewe: Kagera mvua ni nyingi na maji yanatakiwa yateremke haraka, ilhali Ugogoni mvua ni haba, kwa hiyo paa la udongo linadumu na linawakinga watu na jua kali. Katika nyumba ya Wachagga wataona jinsi ng'ombe na watu walivyolala chini ya paa moja, jambo ambalo mdogo wako atalisimulia shuleni kwa mwezi mzima.

Siku nyingine, na ninasisitiza iwe siku nyingine, mpeleke mkubwa katika Makumbusho ya Taifa yaliyoko Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea. Jengo la awali lilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Taasisi hiyo ndiyo inayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey aliligundua katika Bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na ambalo umri wake unakadiriwa kufikia miaka milioni 1.75. Mwelekeze mtoto ayatazame magego, kwa kuwa ukubwa wake unaeleza zaidi kuliko maandishi yote yaliyobandikwa ukutani: kiumbe huyo alikuwa na uwezo wa kusaga vyakula vigumu ambavyo sisi tungevishindwa. Katika eneo hilohilo mtaona magari yaliyowahi kuwabeba viongozi wa nchi, pamoja na kumbukumbu ya shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998.

Mkitoka hapo, nguvu zikiwa bado zipo, tembeeni kwa miguu hadi Sanamu ya Askari katika Mtaa wa Samora. Hapo hapana kiingilio wala mlango. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo iliondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Kwa maoni yangu, kisa hicho cha sanamu kuondolewa na nyingine kuwekwa kinamfundisha mtoto wa darasa la sita maana ya kutawaliwa kuliko sura nzima ya kitabu. Kuhusu gharama, beba kitambulisho chako, kwani kiingilio cha raia ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni atokaye nje, na cha watoto ni kidogo zaidi.

*Mhariri, sisi ni wafanyakazi wenza tunaoishi Bunju na Tegeta. Tumepanga kwenda Bagamoyo Jumamosi moja na kurudi jioni. Katika orodha yetu tuna Kaole, Misheni, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, Caravan Serai, Chuo cha Sanaa, ufukwe na soko la samaki. Je, ratiba hii inawezekana? – Katibu wa Kikundi, Bunju*

Ndugu Katibu, kufika kote huko kunawezekana, maana mji wenyewe si mkubwa na barabara ni ya lami. Kuona ndiko kusikowezekana. Mtarudi na picha nyingi za kusimama mbele ya kuta, na atakayewauliza Jumatatu mlijifunza nini hatapata jibu. Pendekezo langu ni mchague Kaole asubuhi na Misheni mchana. Yanayobaki yawe ziada ya jioni, mkila samaki.

Kaole ipo umbali wa kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji, na mtafika kwa bajaji au bodaboda iwapo hamkuja na gari. Nendeni mapema, kwa sababu magofu yamekaa mahali pa wazi na jua la saa saba halina huruma. Hapo pana mabaki ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mkongwe kati yake ukiwa wa karne ya 13, na makaburi kadhaa ambayo baadhi yake yana nguzo ndefu. Sogeeni karibu na nguzo hizo mziangalie vizuri. Mtaona vishimo vya mviringo vilivyochongwa kwenye chokaa: ndimo mlimopachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, zilizoletwa na biashara ya pepo za msimu, na ambazo ziliwekwa hapo kuonyesha hadhi ya marehemu. Vipande vya vyombo vilivyofukuliwa vimewekwa katika chumba kidogo cha maonyesho papo hapo. Baadaye mwombeni mwongoza wageni awaelekeze upande wa bahari. Mtaona mikoko mitupu pale palipokuwa bandari, kwa kuwa maji yalirudi nyuma, mikoko ikafunga njia ya majahazi, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Ndiyo sababu ninawataka muanze na Kaole: mtu asiyeuona mji uliokufa hawezi kuelewa jinsi uliofuata ulivyozaliwa.

Misheni ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nao walijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yake yana picha za zamani na pingu, na mwangalizi makini atahitaji saa nzima humo. Nje kuna mbuyu ambao wageni wote hupelekwa kuutazama kwa ajili ya kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome lake. Inasimuliwa kwamba mnyororo huo ulikuwa wa kumfungia punda. Ni kisa cha kuchekesha, lakini msikubali kikamalize muda wenu, kwa sababu hatua chache kutoka hapo pana mnara wa kanisa la zamani unaoitwa Mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone, Mskoti aliyesafiri akiipeleleza Afrika, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, uliwasili hapo Februari 1874 kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza. Walioubeba kwa miezi mingi, wakivuka mito na nchi za watu, walikuwa Waafrika wakiongozwa na watumishi wake, Chuma na Susi. Mnara ukapewa jina la aliyebebwa. Zungumzeni juu ya hilo mkiwa chini ya mwembe wowote. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko vituo vitatu vya orodha yenu.

Iwapo mtabakiwa na saa moja kabla ya kurudi, piteni mbele ya Boma, lililokamilika mwaka 1897, yaani miaka kadhaa baada ya Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, iacheni kwa safari ya pili, kwani habari za misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyotoka Ujiji na Tabora zinahitaji akili isiyochoka.

*Mhariri, kila nikisoma habari za utalii wa kihistoria ninaona pwani tu. Sisi wa Iringa tumekosa nini? – Msomaji wa Siku Zote, Iringa*

Hamjakosa kitu, na lawama yako tunaipokea. Kalenga iko umbali mfupi tu kutoka mjini, na ndani ya makumbusho yake limo fuvu linalotambuliwa kuwa la Chifu Mkwawa wa Wahehe, ambaye majeshi yake yaliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambaye ngome yake ilianguka mwaka 1894, na ambaye alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu hilo lilipelekwa Ujerumani. Wachache wanajua kuwa kurejeshwa kwake kuliandikwa kabisa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na hata hivyo Wahehe walisubiri hadi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi. Kabla ya kwenda, mtafute mzee anayezijua habari za Lugalo akusimulie, kwa sababu masimulizi ya nyumbani na maelezo ya ukutani hayafanani kila mara, na utamu uko katika kuyapambanisha.

Isimila, kwenye barabara ya Mbeya, inafaa kwa wenye miguu imara: korongo lenye nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za Zama za Mawe ambazo bado zinaonekana ardhini. Msiokote hata moja. Zana ikishaondolewa mahali ilipokutwa, hubaki jiwe tu, kwa kuwa mtaalamu huihesabu pamoja na tabaka la udongo lililoibeba. Mjini penyewe, Boma la enzi ya Wajerumani sasa ni makumbusho, na jiwe la Gangilonga linawangoja wasio na nauli.

*Ndugu Mhariri, tulipofika kwenye makaburi ya kale huko Kaole tulikuta watu wanaomba dua. Baadhi yetu waliendelea kupiga picha. Je, ni sahihi? – Mwanafunzi, Mbezi*

Si sahihi. Gofu kwako linaweza kuwa kaburi la mtu wa heshima kwa mwingine, na Kaole yapo makaburi ambayo watu hadi leo huyazuru kwa dua na nadhiri. Subirini wamalize, salimieni, ombeni ruhusa, na wakikataa msikasirike. Mavazi ya kujisitiri yanafaa hapo kama yanavyofaa msikitini, na kupanda juu ya kuta ili picha ipendeze ni marufuku hata pale ambapo hakuna kibao kinachosema hivyo, kwani chokaa ya miaka mingi hubomoka kwa uzito wa mtu mmoja.

*Mhariri, sisi vijana wa mtaani tunapendelea matamasha kuliko majengo. Kuna yapi ya kweli, yasiyo ya kutangaza vinywaji? – Kijana wa Temeke*

Yapo, lakini yanataka mpango wa mapema. Bagamoyo, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni huandaa kila mwaka tamasha la ngoma, maigizo na muziki, na faida yake ni kwamba mchana mnaweza kuyatembelea magofu na jioni mkakaa kwenye ukumbi. Tarehe hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwenye taasisi yenyewe kabla ya kukata tiketi ya basi. Wenye ndugu Songea wajitahidi kufika tarehe 27 Februari, siku ambayo Makumbusho ya Majimaji hufanya kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe kama hiyo mwaka 1906. Hiyo ni siku ya heshima kabla ya kuwa siku ya ngoma, na wanaokwenda wakidhani ni tamasha la burudani tu hupata aibu.

Ninayoipenda kuliko zote ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya Makunduchi, Unguja, ambayo huadhimishwa mwezi Julai. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie hapo, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri kabisa, huimba wakizunguka uwanjani. Mgeni hukaribishwa chakula nyumbani kwa watu asiowajua. Kwa hiyo kijana wa Temeke, mbali na nauli ya boti na daladala ya kwenda kusini, wekeni akiba kidogo ya kununua sukari au mchele wa kumpelekea mwenyeji, ulizeni malazi kabla hamjavuka, na mtakaposhuka Makunduchi jitambulisheni kwanza kwa sheha.