Runinga ya Kichogo Kwanza, Mashine Baadaye: Nasaha kwa Wanaoanza Michezo ya Zamani Lamu

Wengi wanaoanza kucheza michezo ya video ya zamani hapa Lamu hutafuta mashine na kaseti kwanza, kisha huzichomeka kwenye runinga bapa ya sebuleni, na hapo ndipo malalamiko huanza: Mario huruka wakati kidole kimeshabonyeza na kuachia, picha hutanuka hadi vitu vyote vikawa vipana, na rangi huonekana kavu. Nawashauri wanaoanza waugeuze mpangilio huo. Tafuta runinga ya kichogo kwanza, ile ya zamani yenye tyubu ya glasi na mgongo mnene, uijue inapokea nini na ina ugonjwa gani, ndipo ununue mashine itakayopatana nayo. Mashine ikifa hupatikana nyingine, lakini runinga za kichogo viwanda vikubwa vimeacha kuziunda tangu zamani, na zilizobaki pwani yetu zinaliwa na chumvi mwaka baada ya mwaka.

Sababu ya kuitaka runinga hiyo si kukumbuka utoto tu. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, hutoa picha ya nukta 256 kwa 240, na Mega Drive ya Sega ya mwaka 1988 hutoa aghalabu nukta 320 kwa 224. Ndani ya runinga ya kichogo, mwale wa elektroni huchora picha hiyo mstari kwa mstari kadiri inavyowasili, bila kuiweka popote. Katika PAL, mfumo wa picha uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, kila mstari huchukua mikrosekunde 64. Runinga bapa haiwezi kufanya hivyo. Hukusanya picha nzima, huikuza ienee kwenye kioo chenye nukta nyingi zaidi, huipitisha kwenye programu zake za kulainisha, ndipo huionyesha. Kwa mchezo wa picha 60 kwa sekunde, kuchelewa kwa picha moja tu ni takriban milisekunde 17, na runinga nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Mtu anayetazama taarifa ya habari hawezi kuligundua jambo hilo, ila anayeruka shimo katika mchezo hulijua mara moja.

Kuna pia suala la rangi, ambalo wapya hulipuuza. Chukua Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 na utazame maporomoko ya maji katika hatua ya kwanza. Wachoraji hawakuwa na njia rahisi ya kuonyesha maji yanayopitisha mwanga, kwa hiyo walichora mistari myembamba ya wima, mmoja wa rangi na mmoja mtupu, wakitegemea kwamba waya wa kawaida wa video, ule wa manjano, utaichanganya mistari hiyo. Kwenye runinga ya kichogo yenye waya huo, Sonic huonekana akipita nyuma ya maji. Ukitumia waya bora na kioo bapa, utaona vijiti. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaomwambia kila mgeni atafute waya ulio safi kuliko wote. Usafi wa picha ni jambo zuri katika michezo mingi, lakini michezo mingine iliundwa ikitegemea uchafu huo.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, runinga za kichogo hazikufa, kwani king'amuzi huchomekwa kwenye soketi za AV, zile za picha na sauti, na kazi ikaendelea, lakini watu wengi waliitumia nafasi hiyo kubadilisha. Hadi leo ukiuliza kwa mafundi wa mtaa wa Langoni hapa Lamu au wa Malindi mjini utaonyeshwa moja au mbili zilizolala chini ya meza. Muulize fundi ilikotoka, maana asili ya runinga ndiyo itakayoamua mengi.

Zilizokuja zikiwa mtumba kutoka Uingereza mara nyingi zina soketi ya SCART, ile pana yenye pini nyingi, ambayo ni bahati kubwa, kwa sababu hupokea rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake. Hata hivyo zina kasoro inayowahangaisha wageni. Sauti ya matangazo ya Uingereza hupita megahezi 6 kutoka kwenye picha, ilhali mfumo uliotumika Kenya huipitisha megahezi 5.5. Ukiichomeka mashine ya bei nafuu kwa waya wa antena, unaweza kupata picha safi kabisa na sauti ya mchanga unaomwagika. Wengi hudhani spika imekufa na kuilipia matengenezo bure. Tumia nyaya za AV, ile ya manjano kwa picha na nyeupe na nyekundu kwa sauti, na tatizo litaondoka bila senti moja.

Zile zilizouzwa kwa soko la Ghuba na Asia kwa kawaida hupokea mifumo kadhaa, PAL na NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) pamoja, na kwa anayeanza ndizo ninazozipendelea. Runinga ya PAL pekee ikipewa mchezo wa Marekani au Japani kwa waya wa manjano, picha hutoka nyeusi na nyeupe, na wakati mwingine hupanda na kushuka bila kutulia. Na kuweza kucheza matoleo hayo si jambo dogo. Michezo mingi ya zamani iliyouzwa Ulaya ilipunguzwa kutoka picha 60 hadi 50 kwa sekunde bila kurekebishwa, kwa hiyo hukimbia polepole kwa takriban asilimia 17, muziki wake ukiwemo, na juu na chini ya picha hubaki utepe mweusi. Sonic wa Ulaya ni mzito kuliko Sonic wa Japani, na ukishazoea mmoja utamhisi mwingine vidoleni.

Epuka runinga za kichogo za miaka ya mwisho zilizoandikwa 100 Hz, hata zikiwa nzuri na kioo chake kimenyooka. Hizo huihifadhi picha kidijitali kabla ya kuionyesha mara mbili, kwa hiyo ucheleweshaji uliokuwa ukiukimbia unaurudisha nyumbani.

Kuhusu ukubwa, inchi 14 hadi 21 zatosha. Anayetamani ya inchi 29 akumbuke kwamba yaweza kupita kilo 40, na kwamba nyumba zetu za mawe zina ngazi za mwinuko mkali zenye kona ambazo hata kitanda hupitishwa kwa dua. Ukivuka nayo kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, ifunge kwa nailoni na uiweke juu ya ubao, isiwe chini karibu na ngama ambako maji hujikusanya. Kutoka gatini mpe hamali mwenye mkokoteni. Punda ni msaidizi wetu mwema, lakini mzigo huu haumfai: uzito mwingi uko upande wa kioo, hivyo runinga hulalia upande mmoja, na shingo ya tyubu iliyoko nyuma ni glasi nyembamba ambayo ikipata ufa imekwisha. Unapoibeba mwenyewe, kioo kielekee kifuani.

Kabla ya kulipa, iwashe ikiwa baridi na ukae nayo. Usikubali kuonyeshwa runinga ambayo fundi ameiwasha tangu asubuhi. Picha ikianza na ukungu kisha ikajikaza baada ya dakika kadhaa, mara nyingi ugonjwa uko kwenye soketi ndogo iliyochomekwa nyuma ya shingo ya tyubu, ambako unyevu na kutu huvujisha umeme wa kukaza picha. Huu ndio ugonjwa wa pwani hasa, na hutibika kwa kubadilisha soketi. Picha ikibaki na giza na rangi hafifu hata baada ya nusu saa, tyubu yenyewe imechoka. Shukuru na uondoke. Madoa ya kijani au zambarau pembeni si sababu ya kukataa, kwa kuwa mara nyingi huletwa na sumaku ya spika iliyowekwa karibu. Ndani ya runinga mna koili ya kuondoa usumaku, inayofanya kazi kwa muda mfupi tu unapoiwasha, ndiyo ile sauti ya "dumm" mwanzoni. Sogeza spika, zima kabisa kwa swichi kuu wala si kwa rimoti, ngoja kama nusu saa ili kifaa kinachoiongoza koili kipoe, kisha uwashe tena. Kuiwasha na kuizima mfululizo hakuongezi chochote.

Chumvi ndiyo adui ambaye vitabu vya maelekezo vya viwandani havimzungumzii vya kutosha. Vumbi huvutwa na umeme wa tyubu na kujikusanya nyuma yake. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huingia katika vumbi hilo na kuvuta unyevu. Na mchanganyiko huo, ukilowa, huwa njia ya umeme. Kati ya flaibeki, yaani transfoma inayozalisha umeme mkali wa tyubu, na kile kikombe cha mpira kilichobandikwa ubavuni mwa tyubu hupita umeme wa volti zipatazo 20,000 hadi 30,000, na umeme wa kiwango hicho hautafuti mlango mkubwa. Dalili zake ni mlio wa kukaanga usiku wenye unyevu, harufu kali ya hewa iliyochomwa, na pengine cheche ya buluu inayoonekana kupitia matundu ya nyuma. Ukiona mojawapo, zima, chomoa, na usiiwashe tena hadi fundi aisafishe na kuikausha.

Usiifungue mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu vijana wengi wanaoanza wamekwishafungua kompyuta na simu na huona runinga ni kitu cha aina hiyohiyo. Tyubu inaweza kubaki na umeme baada ya kuchomolewa, na kapasita kubwa ya upande wa stima ya volti 240 huhifadhi zaidi ya volti 300. Fundi anayeijua kazi huanza kwa kuutoa umeme huo kabla ya kugusa kitu. Ukimwona anaingiza bisibisi moja kwa moja, chukua runinga yako uondoke.

Unachoweza kufanya wewe ni kuchagua mahali. Usiiweke mkabala na dirisha la upande wa bahari, wala usiisukume ndani ya daka la ukutani hata kama inaenea vizuri na kupendeza, kwani nyuma yake panahitaji hewa. Kitambaa cha kufunika kiwepo wakati imezimwa na imekwisha kupoa, na kiondolewe kabla ya kuwasha. Uzoefu wangu ni kwamba runinga inayowashwa kidogo kila siku, hasa miezi ya masika, hudumu kuliko ile iliyofungiwa stoo ikisubiri likizo, kwa kuwa joto lake lenyewe huufukuza unyevu.

Stima ikipotea, chomoa runinga na mashine pia, na ikirudi usikimbilie kuwasha. Dakika za mwanzo ndizo zenye misukosuko. Stebilaiza ni ununuzi wa busara kuliko kaseti ya kumi. Upande wa adapta, soma maandishi kabla ya kuchomeka. Famicom ya Japani hutaka volti 10 za DC, tundu la katikati likiwa hasi, na adapta yake ya asili ni ya stima ya volti 100, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja ukutani kwetu itaungua. Adapta ya NES, yaani Famicom iliyouzwa Marekani, hutoa volti 9 za AC, na ukiitumia kwa Famicom unaweza kuiua mashine ingawa plagi inaingia vizuri. Kaseti isiposoma, usiipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na meno ya shaba huota kutu ya kijani. Pamba yenye spiriti, kisha uiache ikauke, inatosha.

Ukishatulia, punguza kontrasti hadi rangi nyeupe isivimbe kingo zake, jambo ambalo pia huongeza maisha ya tyubu, na usiache mchezo umesimamishwa kwenye kioo ukaenda kuswali, kwa maana picha isiyosogea huacha alama. Picha ikiwa imepinda au imekatwa pembeni, hurekebishwa katika menyu ya mafundi, na hapo sharti ni moja: piga picha kila namba kwa simu kabla ya kuigusa.

Mwisho, jaribu bunduki ya mwanga ukipata moja iliyo nzima. Duck Hunt ya mwaka 1984 hufanya hivi: ukivuta kifyatulio, kioo kizima huwa cheusi kwa kitambo, kisha mahali alipo bata huchorwa mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya bunduki huangalia kama limeona mwanga katika wakati uleule. Kwenye runinga bapa mwanga huo hufika umechelewa, na risasi zote hupotea. Kwenye runinga ya kichogo ya kawaida inapaswa kufanya kazi. Isipofanya, pandisha mwangaza kidogo na usogee karibu. Ikikataa bado, jaribu bunduki nyingine kabla ya kuilaumu runinga, kwa kuwa waya wa bunduki hukatika kwa ndani pale unapoingilia kwenye mpini, na fundi yeyote mwenye lihamu huweza kuuunga.