Maswali na majibu: lenzi, sensa na chenga za picha

Simu yangu ina megapikseli 108, kamera ya mwenzangu ina 24 tu. Mbona picha zake za usiku zinazipita zangu kwa mbali?

Kwa sababu megapikseli ni idadi ya vyumba, si ukubwa wa nyumba: nyumba ni sensa, kibapa kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na vyumba ni pikseli zake, zikihesabiwa kwa mamilioni. Sensa ya simu ya namna hiyo kwa kawaida ina milimita 9.6 kwa 7.2, na pikseli yake moja ina upana wa mikroni 0.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sensa ya fremu kamili, yaani ile inayolingana na filamu ya milimita 35, ina milimita 36 kwa 24. Eneo lake ni zaidi ya mara 12 ya sensa yako, na ukiligawa kwa pikseli milioni 24, kila moja inapata mikroni 6. Weka beseni na kikombe kwenye mvua ileile uone kipi kitakinga maji mengi. Usiku mvua ya mwanga ni manyunyu tu, na kikombe kilichoambulia matone machache ndicho kinachotoa chenga, yaani vile vinukta vinavyotapakaa kwenye picha.

Simu yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana huunganisha pikseli 9 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Na 12 zinatosha. Kuchapa ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi hakuhitaji hata megapikseli 9. Tena wanaokimbilia namba wajue hesabu hii: kutoka megapikseli 24 hadi 48, undani kwa upana unaongezeka kwa takriban asilimia 41, si mara mbili, na hata huo ni mpaka lenzi iweze kuufikisha kwenye sensa. Mwanga unapita kwenye lenzi kwanza. Kilichopotea pale hakuna sensa itakayokiokota.

Lenzi ya f/1.8 nikiifunga kwenye kamera ya APS-C, inabaki f/1.8?

Namba ya f inataja tundu la lenzi (namba ndogo ni tundu pana, kubwa ni tundu dogo), na kwa kupima mwanga, inabaki. Kinachopungua ni upana wa mandhari, maana sensa ya APS-C ni ndogo kuliko ya fremu kamili: lenzi ya milimita 50 itaonyesha kama ya 75, au 80 kwa Canon.

Napiga mandhari kwa f/22 ili kila kitu kionekane wazi, lakini picha nzima imelegea. Lenzi ni mbovu?

Lenzi haina kosa, wewe ndiye uliyeiziba mno. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hupinda na kutawanyika ukingoni, hivyo nukta iliyopaswa kutua kama ncha ya sindano inatua kama duara. Kwa mwanga wa kijani, duara hilo lina kipenyo cha takriban mikroni 5 kwenye f/4, 11 kwenye f/8, 21 kwenye f/16 na 30 kwenye f/22. Pikseli za kamera ya APS-C ya megapikseli 24 hazizidi mikroni 4. Kwa f/22, basi, nukta moja inafunika zaidi ya pikseli 7 kwa upana. Hii ni tabia ya mwanga wenyewe, na lenzi ya bei mbaya haiikwepi.

Tundu likifunguliwa kabisa nako kuna matatizo yake: pembe zinalegea, kingo zinaingia giza, na matawi yaliyo mbele ya anga yanapata mistari ya zambarau. Lenzi nyingi huwa bora zikizibwa hatua mbili au tatu (kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu) kutoka kwenye tundu lake pana kabisa. Usikubali kuambiwa na mtu, ipime lenzi yako. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye tripodi ikiwa sambamba na ukuta, zima kituliza mtikisiko, weka ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga uliopokewa) 100 na taima ya sekunde 2, kisha piga kila tundu hadi f/22. Kuza picha kwa asilimia 100, utazame katikati na pembeni. Pale pembe zinapokaribia kuwa sawa na katikati ndipo pa kupigia mandhari. Kama jiwe la karibu na mlima wa mbali vyote havikai wazi kwenye f/11, piga picha tatu ukisogeza fokasi kila mara, uziunganishe kwenye programu.

Ninunue kamera gani?

Sema unapiga nini, kwa mwanga gani, na picha itatazamwa wapi. Swali lisilo na hayo matatu silijibu.

Naweka ISO 100 daima ili nisipate chenga, halafu naongeza mwanga kwenye kompyuta. Mbona chenga bado zipo?

Hili linarudi kila mara, kwa sababu watu wamekariri kwamba ISO ndogo ni nzuri bila kuuliza kwa nini. ISO haiongezi mwanga hata chembe, inakuza tu kilichokwisha kupokewa. Chenga chanzo chake ni uhaba wa mwanga. Pikseli iliyopokea chembe 10,000 za mwanga huyumba kwa 100 hivi, yaani asilimia 1. Iliyopokea 100 huyumba kwa 10, yaani asilimia 10, na kompyuta ikiiongezea mwanga inaongeza na huko kuyumba.

Chagua tundu kwanza, kisha kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inayomtosha unayempiga (anayetembea, sekunde 1/250), halafu pandisha ISO mpaka picha ipate mwanga bila weupe kuungua. Chenga za ISO 3200 zinasafishika. Picha iliyotikisika haina dawa.

Nimebadilisha bodi ya kamera ya filamu kwa ya gharama zaidi, lenzi ni ileile. Picha hazijabadilika.

Wala hazitabadilika. Kwenye filamu, bodi ni sanduku la giza lenye shata, na picha inatengenezwa na lenzi pamoja na filamu. Kagua tu sponji za mlango wa nyuma, kwani zikioza zinavujisha mwanga. Kisha itazame skana: negativi ya milimita 35 kwa nukta 2,400 kwa inchi inatoa kama megapikseli 7.7, kwa 4,000 inafika 21. Skana nyingi za bapa hutangaza namba ambazo undani wake halisi hauzifikii. Na ukikosea mwanga kwenye negativi ya rangi, kosea kwa kuzidisha. Kwenye slaidi (filamu inayotoa picha yenye rangi halisi moja kwa moja) na dijitali ni kinyume chake, maana kilichoungua hakirudi.

Kuna vidoa vyeusi kwenye anga, nimefuta lenzi lakini haviondoki.

Vikikaa mahali palepale kwenye kila picha, ni vumbi la sensa. Piga ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi, vitajitokeza vyote. Chaji betri ijae, washa hali ya kusafisha sensa, geuza kamera itazame chini, pulizia kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yatagandia pale. Usitumie kopo la hewa, hutema kimiminika kinachoacha madoa mabaya kuliko vumbi uliloanza nalo.