Barua kwa mwanangu: ushuru wa mauzo au ushuru wa faida?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mombasa, sote hatujambo. Umeniuliza kama ujiandikishe TOT, yaani ushuru wa mauzo (turnover tax), kama mimi, kwa kuwa jirani yako hapo Kitengela amekwambia ndio ushuru wa wafanyabiashara wadogo na hauna usumbufu. Kwa duka lako lilivyo sasa, usiukimbilie. Mimi nashona mabuibui na unanifaa. Wewe unauza mayai, unga na mafuta ya kupikia, utakukausha.

TOT hutozwa kwenye mauzo. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na humhusu mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25. KRA, mamlaka ya ushuru, hawakuulizi umenunua mzigo kwa bei gani, kodi ya chumba ni ngapi, wala kijana wa dukani unamlipa nini. Wanatazama kilichoingia tu.

Chukua trei moja ya mayai. Uliniambia waichukua kwa 400 na kuiuza 430. Asilimia 3 ya 430 ni karibu shilingi 13, na faida yako yote pale ni 30. Yaani kabla hujalipa umeme, kabla yai moja halijavunjika, karibu nusu ya faida imeondoka. Kwangu mimi, kitambaa, uzi na mafundi vikitoka, kwenye buibui hubaki pesa ya maana, kwa hiyo asilimia 3 sihisi uzito wake. Nikitozwa kwenye faida ndipo nitakapoumia.

Sasa tupige hesabu yako ya mwaka. Mauzo ya 200,000 kwa mwezi ni milioni 2.4 kwa mwaka. TOT yake ni 72,000. Faida yako, baada ya kutoa gharama zote, umesema ni kama 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Kwenye ushuru wa mapato wa kawaida, 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800, na 12,000 zilizobaki hutozwa asilimia 25, ambayo ni 3,000. Jumla 31,800. Halafu kila mkaazi ana nafuu yake ya ushuru ya 28,800 kwa mwaka, ikitolewa hapo unabaki na deni la shilingi 3,000. Elfu tatu, mwanangu, dhidi ya sabini na mbili elfu! Ungekuwa umeajiriwa mahali nafuu hiyo ingekuwa imeshatumika kwenye mshahara, lakini wewe huna mwajiri.

Lakini usijihesabie faida kwa kuotea. Pesa unazojitolea mwenyewe si gharama, hata ukiziita mshahara. Unga uliobeba nyumbani si gharama, wala karo ya mtoto. Kodi ya chumba, umeme, leseni ya kaunti, mshahara wa kijana na nauli ya mzigo, hizo ni gharama za biashara.

Sheria inakuruhusu kuchagua. Unamwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki kutozwa TOT, nawe utatozwa kwa njia ya kawaida. Kisha uingie iTax, mtandao wa KRA, utazame PIN yako, ile namba yako ya ushuru, imeandikishwa wajibu gani wa kulipa ushuru. Hapa watu wengi huumia: wajibu wa TOT ukiwa bado umo, ritani, yaani taarifa ya ushuru wako, inasubiriwa kila mwezi kufikia tarehe 20, na ikichelewa ni faini ya shilingi 1,000, uwe umeuza au hukuuza. Ukiwa kwenye njia ya kawaida, ritani ni moja kwa mwaka, mwisho tarehe 30 Juni, lakini faini ya kuchelewa haipungui 2,000.

Njia hii ina kazi yake, nami sitakuficha. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, inaweza kukataliwa. Ikikataliwa, unahesabiwa kana kwamba ule mzigo uliupata bure, na hesabu yote niliyokufanyia hapo juu inaporomoka. Kwa hiyo ukifika kwa muuza jumla, mpe PIN yako kabla hajakata risiti. Akikwambia mashine ni mbovu, nenda duka la pili. Yule mzee wa kuku anayekuletea mayai pikipikini hana risiti, najua, lakini sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2024: mkulima ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, mnunuzi ndiye anayetoa ankara kwa niaba yake. Mwombe PIN yake kwa adabu, umweleze kwamba ni ya ankara tu. Na wewe pia utatakiwa kuwakatia wateja wako risiti za eTIMS, hata kwa simu kupitia *222#.

Nunua kauntabuku. Kila jioni kabla hujafunga andika mauzo, manunuzi, gharama, na mayai yaliyovunjika. Till ya M-PESA iwe ya duka peke yake. Nimesikia pesa za chama zinapitia humo. Ziondoe, maana siku ukiulizwa, kila shilingi iliyoingia humo utatakiwa uithibitishe kwamba si mauzo. Risiti na vitabu viweke miaka 5, ndivyo sheria inavyotaka.

Jambo moja nakusihi kama mzazi. Usimpe kijana wa saiba nywila yako ya iTax akujazie ritani ya sufuri kwa shilingi mia mbili. Ritani ya sufuri ni ya asiye na mapato. Wewe una duka, una till na risiti za muuza jumla zenye PIN yako, na KRA wanaweza kuviona vyote hivyo. Jaza mwenyewe, au mtafute mhasibu mwenye kibali na ukae naye akijaza.

Kabla hujamwandikia Kamishna, nitumie hesabu za miezi mitatu ya karibuni, mauzo peke yake na manunuzi peke yake. Mjomba wako atakuja Jumamosi, tutazipitia pamoja. Zikionyesha faida ni kubwa kuliko unavyodhani, tutapima upya na TOT.

Mama yako akupendaye